Mtoto wa miezi 9 anaharisha na kutapika, kila nikimpa ORS (maji ya chumvi na sukari) anairudisha. Msaada wa haraka

MamaNkuhungu · saa 1:52 jioni

Habari za jioni wakuu. Mtoto ana miezi tisa, kilo 7.8 kwa kadi ya kliniki ya wiki iliyopita. Jana jioni ameanza kutapika, leo tangu asubuhi anaharisha maji maji, mara sita mpaka sasa, damu hakuna. Nimenunua ORS duka la dawa, nikaichanganya kwenye chupa kubwa ya maji, nikamwekea kwenye chupa yake ya kunyonyea. Ameinywa kwa pupa, dakika tano haziishi katapika yote. Mara mbili hivyo hivyo. Bibi yake anasema ni meno, tumpe juisi ya ubuyu kidogo apate nguvu. Utosi nauona kama umebonyea. Nikimbilie hospitali au nisubiri kukuche?

NesiWaZamu · saa 1:58

Pole dada. Washa taa ya kutosha umwangalie vitu vinne, kisha rudi hapa.

Macho: yameingia ndani kuliko siku zote? Sura ya mwanao unaijua wewe. Hali yake: analialia hatulii hata akibebwa, au kalegea na kumwamsha ni shida? Kiu: akiona kijiko anakikimbilia, au hata kumeza hawezi? Ngozi: mlaze chali, ibane ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada, katikati ya kitovu na ubavu. Mkunjo ulale kwa urefu wa mwili, usiwe wa kukatisha. Shika sekunde moja, achia. Inarudi papo hapo, inachelewa, au inabaki imesimama zaidi ya sekunde mbili?

Utosi unaangaliwa mtoto akiwa ameketishwa na ametulia. Akilia unajaa, akilala unadanganya, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

MamaNkuhungu · saa 2:06

Macho yameingia, hata baba yake kasema. Analialia lakini akipewa titi anatulia kidogo. Kijiko anakikimbilia. Ngozi imerudi mara moja.

NesiWaZamu · saa 2:11

Macho yaliyoingia na kiu ya pupa ni dalili mbili. Dalili mbili maana yake amepungukiwa maji tayari, bado si kwa kiwango cha kuzimia. Usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha afya kinachofanya kazi usiku, hapa Dodoma ni Makole au General (hospitali ya mkoa), popote palipo karibu nawe. Ila kijiko kinaanza sasa hivi wakati baba anatafuta bajaji, na kinaendelea ndani ya bajaji.

Hesabu watakayotumia kule ndiyo hii: mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Kilo 7.8 mara 75 ni mililita 585. Gawanya kwa nne, ni kama mililita 146 kwa saa. Kijiko cha chai kina mililita 5. Kijiko kimoja kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa. Umeona? Kazi nzima ni kijiko na saa ya ukutani. Tenga mililita 150 kwenye kikombe kila saa. Kikiisha ndani ya dakika 20, umemkimbiza na atatapika tena.

Ndicho kilichokupata na ile chupa ya kunyonyea. Tumbo lililowashwa halipokei kikombe kizima kwa mkupuo, linakirudisha. Halafu chuchu na mfuniko wake ni vigumu kusafisha, vijidudu vinabaki kwenye ile mikunjo. Kikombe na kijiko vinatosha. Ukipata bomba la sindano la mililita 5 (bila sindano yenyewe) ni bora zaidi usiku: mweke mtoto ameinuka kifuani, ncha ya bomba iguse ndani ya shavu, sukuma polepole. Usilenge kooni, atapaliwa.

Akitapika, simama dakika 10 ukitazama saa, kisha anza upya, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Usiseme "ametapika yote". Matapishi yakimwagika kwenye kanga yanaonekana mengi kuliko yalivyo, na sehemu ya ulichompa imeshapita kwenda utumboni.

DukaLaDawa_Majengo · saa 2:15

Kabla hujatoka, mama: hiyo "chupa kubwa" ni ya lita ngapi?

MamaNkuhungu · saa 2:17

Ile ya maji ya dukani, lita moja na nusu. Niliijaza.

DukaLaDawa_Majengo · saa 2:24

Basi mwaga yote. Pakiti nyingi za hapa zina gramu 20.5 na ni za lita moja kamili. Ukiiweka kwenye lita moja na nusu, chumvi na sukari vinabaki theluthi mbili ya vinavyotakiwa. Maji yataingia, lakini chumvi aliyoipoteza kwenye choo hairudi ipasavyo. Kosa la kinyume ni baya kuliko hilo: pakiti ya lita moja kwenye nusu lita. Hapo chumvi imekuwa mara mbili, na chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Zipo pia pakiti ndogo zenye kipimo chake, kwa hiyo soma kilichoandikwa pale. Rangi ya pakiti usiifuate.

Kipimo rahisi nyumbani: chupa mbili za maji za nusu lita. Zimimine kwenye jagi safi lenye mfuniko, tia pakiti NZIMA, koroga mpaka unga uishe chini. Usigawe unga kwa jicho ukitaka kutengeneza kidogo kidogo. Ndani ya ile pakiti mna chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati 2.9, na vikisafirishwa vinajitenga. Nusu ya juu si sawa na nusu ya chini.

Ukishachanganya usiichemshe, usiongeze sukari, usitie juisi. Utumbo ulioumwa hauwezi kunyonya chumvi vizuri ikiwa peke yake. Glukosi ndiyo inayoivusha, na maji yanafuata. Ndiyo sababu vipimo vimewianishwa. Sukari ikizidi inafanya kinyume, inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni, na mtoto anaharisha zaidi. Kwa hiyo ubuyu wa sukari hapana, wala juisi ya zabibu hata kama tuko Dodoma.

MzeeWaKizota · saa 2:31

Mbona zamani watoto walipewa soda iliyotolewa gesi na wakapona?

DukaLaDawa_Majengo · saa 2:36

Walipona kwa sababu kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe, mzee wangu. Soda ina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100, chumvi karibu hamna. Ni kile kile nilichosema cha ubuyu. Chai ya rangi yenye sukari nayo iko fungu hilo.

NesiWaZamu · saa 2:38

Na kwa heshima zote kwa bibi: meno hayaharishi maji mara sita kwa siku. Mtoto wa umri huo anatambaa, anaokota kila kitu na kutia mdomoni, ndiyo maana meno na kuharisha vinakutana. Nalisema wazi kwa sababu neno "meno" likishatoka, linalofuata ni mtu wa kuja kung'oa "meno ya nailoni", yaani meno machanga yaliyo bado ndani ya fizi, yanayosingiziwa kuleta kuharisha. Fizi ikichanwa ni kidonda, damu na uambukizo juu ya mtoto aliyekwisha kuishiwa maji. Bibi tumpe kazi ya saa: yeye ahesabu dakika mbili, wewe ushike kijiko.

Bahi_Mjini · saa 2:47

Naomba kuuliza kwa faida ya wa huku vijijini. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi mdomoni. Na pakiti zikikosekana dukani?

DukaLaDawa_Majengo · saa 2:59

Maji yanayoonja chumvi usichanganyie ORS, unaongeza chumvi juu ya chumvi usiyojua kiasi chake. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiondoki, tena inakolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Tafuta ya bomba, ya mvua yaliyovunwa vizuri, au nunua chupa mbili za nusu lita. Ya bomba yachemke mpaka yatokote kabisa kwa dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. (Huku tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanatokota kabla ya nyuzi 100. Haidhuru, joto hilo linatosha kuua vijidudu.)

Pakiti zikikosekana kabisa: maji safi lita moja, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi NUSU kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Onja wewe kwanza: chumvi isizidi ile ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, usijaribu kuirekebisha. Kisoda na kiganja si vipimo. Mchanganyiko huu hauna potasiamu wala sitrati, ni wa kuvukia mpaka pakiti ipatikane.

MamaNkuhungu · saa 2:30 asubuhi

Asanteni sana. Tulipokelewa, wakampa ORS kwa kijiko saa nne kama mlivyosema, katapika mara moja tu. Macho yamerudi, kakojoa mara mbili. Tumeruhusiwa na pakiti na vidonge vya zinki. Bado anaharisha, alfajiri mara mbili. Inamaanisha ORS haijafanya kazi?

NesiWaZamu · saa 2:44 asubuhi

Hapana. ORS haizuii kuharisha na haikutengenezwa kwa hilo, inarudisha kinachotoka. Wengi wanaiacha siku ya pili kwa sababu choo bado ni maji, na hapo ndipo mtoto anaporudishwa wodini. Kutapika huwa kunapoa ndani ya siku moja au mbili, kuharisha kunaweza kufika siku saba.

Sasa uko kwenye mpango wa nyumbani. Kila akiharisha, mpe mililita 50 hadi 100, ambazo ni vijiko 10 hadi 20, kwa mwendo ule ule wa kijiko. Titi apewe kila anapolitaka, hata usiku, na zaidi ya kawaida. Kwa anayetumia maziwa ya kopo, yachanganywe kwa kipimo chake cha siku zote, yasizimuliwe.

Chakula usimnyime. Uji wa uwele au wa mahindi, laini lakini si maji matupu, tone la mafuta ndani yake. Ndizi iliyopondwa, viazi, mtori. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Kuharisha kukikoma, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili arudishe kilo zake.

Kope zikivimba, umempa ORS nyingi. Isimamishe, mpe titi na maji ya kawaida mpaka uvimbe uishe.

DukaLaDawa_Majengo · saa 2:52 asubuhi

Zinki: kwa miezi tisa ni kidonge kizima cha miligramu 20, mara moja kwa siku. Aliye chini ya miezi sita ni nusu kidonge. Kiweke kwenye kijiko, kamulia maziwa yako kidogo, subiri kiyeyuke, mpe. Kina ladha ya chuma, maziwa ya mama yanaificha kuliko maji. Akikitapika ndani ya nusu saa, rudia. Siku zote 10 au 14 ulizoandikiwa, hata kama keshokutwa choo kimekuwa kigumu. Kosa ninaloliona kila wiki ni vidonge vinne kuishia kabatini.

Na mtu asikuuzie dawa ya kufunga choo, kwa mtoto hiyo ni hatari. Flagyl na antibiotiki nazo si za kuharisha maji, mpaka mtabibu aone sababu.

Bahi_Mjini · saa 3:01 asubuhi

Wa kurudishwa hospitali ni yupi?

NesiWaZamu · saa 3:06 asubuhi

Damu kwenye choo. Matapishi ya kijani. Kutapika kila kitu hata kijiko kimoja baada ya zile dakika 10. Kukataa titi. Degedege. Kulegea au usingizi usio wa kawaida. Kukaa saa sita bila mkojo. Ukitumia pampasi tia pamba safi ndani, kwa sababu choo cha maji na mkojo havitofautiki kirahisi. Homa inayoendelea, maana huku malaria ipo na lazima ipimwe. Macho kuingia tena.

Aliye chini ya miezi miwili, au mtoto mwenye utapiamlo au miguu iliyovimba, asianziwe hesabu za humu nyumbani. Kwa utapiamlo ngozi inachelewa kurudi hata asipoishiwa maji, na ORS ya kawaida inaweza kuulemea moyo wake. Hao ni wa kituoni moja kwa moja, huku akinyonyeshwa njiani.

MamaNkuhungu · saa 3:09 asubuhi

La mwisho: jagi nililochanganya sasa hivi linadumu mpaka lini?

DukaLaDawa_Majengo · saa 3:12 asubuhi

Saa 24, likiwa limefunikwa, mahali pa baridi. Kilichobaki kwenye kikombe kilichochovywa kijiko cha mdomoni usikirudishe kwenye jagi. Andika saa kwenye plasta uibandike ubavuni mwa jagi. Kesho saa hiyo hiyo kilichobaki mwaga, fungua pakiti mpya.

MamaNkuhungu · saa 3:15 asubuhi

Nimebandika. Bibi anahesabu dakika.