Mjadala: Kikomo cha memori ndani ya kiendeshi kiwekwe na nani?

Mleta mada, Masasi:
Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili swali hili bila jazba. Kiendeshi, yaani programu ya ndani ya mfumo endeshi inayowasiliana na kifaa kama kamera au printa, kijiwekee kikomo cha rasilimali kilichopangwa na mwandishi wake, au kiwango hicho ni cha kuamuliwa na mwenye kompyuta?

Nauliza kwa sababu ninaisaidia karakana ya ubanguaji korosho iliyofunga kamera mbili za USB ili kutenganisha punje za daraja la W240, ambazo ratili moja hubeba takribani punje 240, na zile ndogo za W320. Kompyuta ni ya Linux yenye RAM ya GB 4. Picha moja ya megapikseli 5 isiyo na rangi huchukua MB 5, na kila kamera tuliitengea nafasi ya picha tatu, ili moja ikisomwa nyingine ziwe zinaingia. Kamera ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Ya pili ilipowashwa, mfumo ulijibu kwamba memori imekwisha, ilhali zaidi ya nusu ya RAM ilikuwa tupu. Tulibadilisha nyaya siku mbili nzima. Kumbe ile sehemu ya Linux inayoziruhusu programu za kawaida kuvifikia vifaa vya USB huanza na kikomo cha MB 16 kwa programu zote kwa pamoja, kiasi kisichofika hata nusu ya asilimia moja ya RAM yetu.

Mchangiaji, Lindi:
Pole kwa nyaya, kaka, lakini kikomo hicho nakitetea. Memori inayoshikwa na kiendeshi haihamishiwi kwenye diski RAM inapobana, kama inavyoweza kufanyiwa memori ya programu ya kawaida, ikishashikwa, imeshikwa. Programu moja yenye kasoro ikiachiwa iombe itakavyo, mfumo utalazimika kuua programu nyingine ili upumue, na huenda itakayouawa ndiyo inayotunza hesabu za magunia. Usiseme kwamba cgroups, yaani makundi ya programu ambayo msimamizi huyawekea ukomo wa rasilimali, zilizoingia katika Linux mwaka 2008, zinatosha kazi hiyo, kwa kuwa memori ya ndani ya kiini cha mfumo huhesabiwa kwa kundi pale tu mwandishi wa msimbo alipoagiza ihesabiwe. Asipoagiza, msimamizi anaweka ukomo juu ya kitu asichokiona.

Mleta mada, Masasi:
Hoja ya cgroups naikubali, na nilikuwa sijaipa uzito. Kwa hiyo sidai kikomo kiondolewe. Ninachokataa ni mambo mawili: tarakimu ileile kwa kompyuta ya GB 4 na ya GB 64, na jibu la uongo. Kuambiwa "memori imekwisha" wakati kilichokwisha ni mgawo ni sawa na karani wa ghala kukuambia ghala limejaa, kumbe mgawo wako tu ndio uliojaa. Utakwenda kutafuta ghala lingine bure.

Mchangiaji, Lindi:
Kuhusu ujumbe tuko pamoja. Lakini tarakimu hiyo hubadilishwa na msimamizi kupitia kigezo usbfs_memory_mb. Wewe umeweka ngapi?

Mleta mada, Masasi:
Nimeweka 64, yaani MB 64. Wapo walionishauri niweke 0, ambayo huondoa kikomo kabisa, nami nimekataa, maana hesabu za magunia ziko kwenye kompyuta hiyohiyo.