Spektra ya NuSTAR ya MAXI J1820+070: kelele iko chini ya 2, halafu kilima karibu na 300 Hz

mzingo_wa_ndani
Wakuu, habari za kazi. Nachambua data ya NuSTAR, darubini ya eksirei ya NASA iliyo angani, ya MAXI J1820+070, shimo jeusi lililolipuka Machi 2018. Nimekata data vipande vya sekunde 64, hatua ya 1/1024 ya sekunde, nikapiga Fourier (kuona nguvu ya mtikisiko kwa kila masafa) kwa mizani ya Leahy, ambayo kelele tupu huipa thamani ya 2, na kuchukua wastani. Kelele ya fotoni ilipaswa kulala bapa kwenye 2. Kwangu, kwenye 50 Hz iko kama 0.5, kisha inapanda hadi 3 hivi karibu na 300 Hz. Kigunduzi kimoja kinasajili fotoni 200 kwa sekunde. Kilima hiki ni ukingo wa ndani wa diski ya gesi inayolizunguka shimo jeusi?

fotoni_moja
Hapana mkuu, huo ni muda mfu wa kigunduzi. Kila fotoni ikipokelewa, NuSTAR hufumba macho kwa milisekunde 2.5 hivi. Ukisajili 200, zilizofika kweli ni 200/(1 − 200 × 0.0025), yaani 400: nusu imepotea. Fotoni haziruhusiwi kukaribiana, kwa hiyo kelele si ya Poisson tena, yaani ya fotoni zinazofika kiholela bila kutegemeana. Kwenye masafa ya chini hushuka hadi 2/(1 + 400 × 0.0025)², ambayo ni 0.5 kamili, na kilima cha kwanza huangukia hapo hapo ulipokiona.

Mtego ni kwamba shimo jeusi lisilozunguka, lenye uzito wa Jua 8.5, lina mzingo thabiti wa mwisho (wa ndani kabisa ambako gesi huzunguka bila kutumbukia) wa karibu 260 Hz. Ukaribu huo ni wa bahati tu. Tenga vipindi hafifu na vipindi vyenye mwanga mkali: kilima kikihama kufuata idadi ya fotoni, ni cha chombo.

mzingo_wa_ndani
Asante sana. Nikibakiza fotoni za nishati ya 10–30 keV (kilo-elektronivolti) pekee, idadi ikapungua, tatizo litaisha?

fotoni_moja
Halitaisha. Kigunduzi kilishafumba macho kwa ajili ya fotoni zote, hata zile unazozitupa baadaye.

diski_na_korona
Tumia vigunduzi vyote viwili vya NuSTAR, FPMA (A) na FPMB (B). Kila kimoja kina muda wake mfu, hivyo kelele zao hazifuatani. Zidisha Fourier ya A kwa konjugeti (namba changamano iliyogeuzwa alama ya sehemu yake ya kufikirika) ya Fourier ya B, chukua sehemu halisi, kisha wastani wa vipande vyote: kelele hukaa kwenye sifuri. Maktaba ya Stingray ya Python ina kazi hiyo tayari. Vipande vya A na B vianze sekunde ileile na vikae ndani ya muda mzuri wa pamoja, yaani vipindi ambavyo vigunduzi vyote viwili vina data safi. Dunia huziba chanzo karibu kila mzunguko, na ukijaza pengo kwa sifuri unaumba nguvu bandia kwenye masafa ya chini.

Angalizo kubwa: sifuri hiyo haimaanishi kila kitu kimepona. Ukubwa wa mtikisiko bado umebanwa, kwako kwa karibu nusu, kwa hiyo asilimia ya rms (kipimo cha ukubwa wa mtikisiko kulinganisha na wastani wa mwanga) irekebishe kwa uwiano wa 400 kwa 200 kabla ya kuilinganisha na ya NICER, darubini nyingine ya eksirei. Na ukipima ucheleweshaji wa bendi moja ya nishati nyuma ya nyingine, chukua 3–10 keV kutoka A na 10–30 keV kutoka B. Zote zikitoka kigunduzi kimoja, fotoni za bendi moja huziba za nyingine, na kwenye masafa ya juu utaona fezi ya nyuzi 180 ambayo shimo jeusi halihusiki nayo.