Karatasi ya mama mkwe inasema Elizabeth Carver. Ni kweli?

Mama Tausi:
Wadau habari za saa hizi. Nimeolewa huku Massachusetts, mwaka wa 9 sasa. Mama mkwe kanikabidhi Biblia ya ukoo niwaandikie wanangu nasaba yao. Ndani mna karatasi imekunjwa mara nne, wino umekuwa rangi ya chai: John Howland alikuja na Mayflower, meli ya walowezi wa Kiingereza, 1620, akamwoa Elizabeth, binti wa Gavana Carver, gavana wa kwanza wa koloni lao la Plymouth. Mume wangu anatamba humu ndani eti damu ya gavana. Ila mtandaoni naona Elizabeth Tilley. Ni mke mmoja au wawili?

Nahodha Mstaafu:
Mmoja tu dada, na shemeji apunguze maringo. Howland alikuwa mtumishi wa Carver, si mkwewe. Habari ya binti gavana iliaminika mpaka ikachongwa kwenye jiwe la ukumbusho wake kule Plymouth. Kilichoivunja ni muswada wa Gavana Bradford, aliyemrithi Carver, wa historia ya koloni. Ulipotea miaka mingi, ukaja kuonekana London kwenye maktaba ya askofu, ukachapishwa 1856. Orodha ya abiria iliyomo inasema wazi: Elizabeth ni mtoto wa John Tilley. Alibatizwa Henlow, Bedfordshire, huko Uingereza, Agosti 1607. Wazazi wake wote wawili walikufa majira ya baridi ya kwanza baada ya kufika. Howland kwao Fenstanton, Uingereza pia. Njiani dhoruba ilimtupa baharini akadaka henza, kamba ya kupandishia tanga la juu, iliyokuwa ikiburuta majini. Angeikosa, mumeo asingekuwepo.

Binti Mrima:
Mimi naongeza moja: usianze 1620 ukashuka, anza na cheti cha kuzaliwa cha mama mkwe kisha panda kwenda juu, kizazi kwa kizazi. Sensa ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru wa nyumba kwa jina, kabla yake ni mkuu wa kaya tu, na hapo ndipo wengi hukwama. Na ukikuta Howland alikufa 23 Februari 1672/3, usidhani karani alisinzia. Hadi 1752 mwaka wa Waingereza na makoloni yao ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari hiyo kwao ilikuwa bado 1672, kwa hesabu yetu ni 1673.

Mama Tausi:
Ahsanteni. Nimemsomea mume wangu, kanyamaza weee, kisha akauliza mtumishi alikuwa analipwa shilingi ngapi. Mama mkwe hataki karatasi iguswe. Nimeandika "Tilley" pembeni, kwa penseli, herufi ndogo.