Mjadala: Mwaka wa kwanza alazimishwe kukaa hosteli ya chuo?

BABA WA URAMBO
Jana nimemfikisha binti yangu chuoni Tabora, kapata kitanda hosteli. Mwenzake waliyemaliza naye kidato cha sita kaenda kutafuta chumba cha kupanga mtaani, Isevya. Hoja yangu ni hii: mwaka wa kwanza wote wakae ndani ya uzio, wapende wasipende. Mwaka wa pili, mji ameshaujua, akapange. Mwalimu Nyerere aliingia Tabora Boys mwaka 1937 akalala bwenini, na bweni halikumharibu. Mnaopinga semeni.

MWAKA WA TATU, NG'AMBO
Shikamoo mzee. Mwalimu wakati ule alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Hapa tunamzungumzia mtu mwenye kadi ya kupigia kura. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa hosteli. Chumba cha wanne tulilala sita, maana wawili walikosa nafasi tukawabeba. Juu ya dabodeka, godoro la futi mbili na nusu, mimi na jamaa yangu tunalala mzungu wa nne. Akigeuka, kisigino chake kiko kidevuni kwangu. Asubuhi foleni ya ndoo. Kupika marufuku, jiko la umeme likionekana linabebwa. (Kwa hilo siwalaumu, soketi zile zilikuwa nyeusi kwa kuungua.) Geto langu la sasa halina dari, lakini nalala kimya.

DADA WA UHAZILI
Kaka, geto umelisifia nusu. Mimi nimepanga, vyumba vitano Luku moja. Kila mmoja anachanga elfu tano, na jirani yetu ana friji anauza barafu, naye anachanga elfu tano hiyo hiyo! Juzi saa sita usiku mita inalia pii, pii, pii, kila mtu kajifungia anajifanya kalala. Mwishowe nikanunua mimi, maana kesho yake nilikuwa na testi. Pia jioni natoka maktaba saa tatu, bodaboda au nitembee gizani. Namuunga mkono mzee.

MAMA MWENYE NYUMBA, CHEYO
Mnatusema sana sisi tunaodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwaka jana kijana kamaliza mitihani, kapanda treni na ufunguo wangu, kitasa nimevunja mwenyewe. Likizo ndefu vyumba vinabaki vitupu, nani ananilipa?

MWAKA WA TATU, NG'AMBO
Mama, sina ugomvi na wewe, ila hapo ndipo penyewe. Chumba cha 40,000 kwa miezi sita ni 240,000, bado godoro, ndoo na jiko. Boom, yaani pesa ya mkopo wa Bodi, ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka 2022, zamani ilikuwa 8,500. Si haba. Tatizo haiji siku unayoshuka stendi. Inaletwa kwa mafungu, na mpaka usajili ukamilike na usaini. Wiki hizo za mwanzo mtoto wa Kaliua au Kibondo anaishi wapi? Kwa "kaka" aliyemfahamu juzi. Mzee, unachokiogopa kinatokea hapo, kabla mtu hajapata hata funguo. Na hosteli nayo inataka risiti ya benki kwanza ndipo upewe kitanda. Sasa unamlazimisha aingie mahali ambapo mlango wake unafunguliwa kwa pesa asiyonayo? Wampokee kwanza, alipe boom ikiingia. Ukifanya hivyo hutahitaji kumlazimisha mtu.

BABA WA URAMBO
Na vitanda vikiwa havitoshi?

MWAKA WA TATU, NG'AMBO
Havitoshi, mzee. Hata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, yalifunguliwa majengo 20 mwaka 2017 ya wanafunzi 3,840, na wengi bado walibaki kupanga mtaani. Sembuse sisi huku, ambako watu wa vyuo vya ardhi, uhazili, ualimu na chuo kikuu cha Mihayo wote tunagombea vyumba vile vile. Ndiyo maana nasema atangulizwe anayetoka mbali asiye na ndugu mjini. Mtoto wa Kanyenye, hapa hapa mjini, alale kwao.

MAMA MWENYE NYUMBA, CHEYO
Chuo kikiniandikia barua kwamba kinamtambua huyo mpangaji, mimi nachukua hata mwezi mmoja mmoja. Ufunguo wangu tu urudi.

BABA WA URAMBO
Nimempigia binti muda huu. Chumbani walipangwa wanne, jana usiku wamelala watano. Wa tano ni yule wa Isevya. Anasema ni siku mbili tu.