Muvi za vita ya Mjerumani huku kwetu: wapagazi mmewapeleka wapi?

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe.

Jana jamaa kaniletea kwenye flashi The African Queen, ya 1951. "Kaangalie, ndiyo Vita ya Kwanza kwetu hiyo." Nimeangalia mpaka mwisho. Mzungu mlevi na dada mlokole wanashuka mto na kiboti, wanaunda torpido za kienyeji, meli ya Mjerumani inazama, wao wanaogelea zao. Sisi? Tunaimba kanisani wimbo usioeleweka, kijiji kinachomwa, watu wanaswagwa, basi.

Meli ya kweli ya Mjerumani Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, hakuizamisha mtu na mchumba wake. Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma, Julai 1916, na injini wakazipaka grisi kwanza maana walitegemea kurudi. Mwingereza akaiibua 1924. Mnaijua: ndiyo Liemba. Na viboti viwili vya kweli vya Mwingereza, vilivyoitwa "Mimi" na "Toutou", viliburutwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba kule Congo. Njia ile ilifyekwa na nani? Madaraja alijenga nani?

Msiniambie ni muvi ya zamani. Hizi mpya zinazojisifia uhalisia, kifungo cha kombati kiko sawa, bunduki ni ya mwaka wenyewe, halafu risasi na chakula vinafika vyenyewe kama mvua! Farasi wananawiri kama wa paredi. Mwaka 1916 farasi wa Makaburu walikufa kwa maelfu huku, ndorobo na maradhi mengine yaliwamaliza. Mnyama akifa, mzigo unapanda kichwani mwa mtu.

Nionyesheni huyo mtu. Kilo ishirini na ushee kichwani, ngata imelowa, matope magotini. Jioni anapewa unga wa mahindi ambao kwao hawali, kuni mbichi, anaula nusu mbichi. Kesho tumbo linamwendesha na safari iko pale pale. Wapagazi wa Mwingereza peke yake walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakupigwa risasi: ni kuhara, malaria, nimonia. Kamera haina muda na kuhara, inataka mlipuko.

(Na askari wa Mjerumani acheni kuwabwekesha Kijerumani. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, maofisa wenyewe walijifunza.)

Sisi tunapanda daladala za Kariakoo kila siku, jina lenyewe ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, lililotafunwa na midomo yetu. Pale Posta kwenye Sanamu ya Askari, ya 1927, wapagazi wametajwa kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Mkoloni kakumbuka kuwaandika, nyie wenye kamera na bajeti mnashindwa!

Mwenye muvi yoyote ambayo mpagazi ana jina na anaongea zaidi ya "ndiyo bwana", atupie linki hapa. Bando ninalo.