Kompyuta yangu ATI INAONA HAYA!! Yule fundi wetu wa ghorofani leo amenivua nguo

MwanaKisauni (mwenye uzi)

Nina hasira hadi chai imenishinda. Jina simtaji, sina haja. Ni yuleyule wa ghorofani, ngazi za chuma, pazia la shanga, anayefungua kompyuta za watu huku mkono mmoja umeshika kiazi karai. Mshamjua. Nani Mombasa hii hajawahi kumwachia pesa?

Mie mwaka mzima nimejinyima. Idd nimevaa kanzu ya mwaka juzi. Matatu nimeziacha, daraja la Nyali nalivuka kwa miguu kila siku kama askari jela. Nikapata prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi (ile bodi kuu) ya B450 ya mtumba, ramu mbili za gigi nane nane, kadi ya picha, pawasaplai, na kasha la kioo. Shilingi 65,000 zote zimelala humo ndani. Nikaiunda mwenyewe sakafuni, usiku kucha, skrubu moja imenitafutisha saa nzima chini ya kitanda. Nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka rangi zote kama ukumbi wa harusi, nikaitazama monita. Kiza. Kiza cha kaburini. Ati hakuna signali.

Nimetoa ramu nimerudisha. Nimetoa ile betri ya duara, nikangoja dakika tano, nikairudisha. Nimechomoa kila waya nikachomeka upya. Nimepiga na dua. Kiza.

Asubuhi nikaifunga kwa leso ya mamangu, nikapanda tuktuk, nimeipakata kama mgonjwa, kila tuta namwambia dereva polepole baba, polepole. Nikapanda zile ngazi jasho linanitona hadi kwenye nyusi. Duka limejaa. Jamaa kupokea tu, hata salamu hajaitika, akaikunjua leso akasoma jina lake kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Watu wakacheka. Nikanyamaza, nina shida yangu. Akachomeka nyaya zake, akabonyeza kwa kile kidole chenye ukwaju.

IKAWAKA. Papo hapo! Picha safi, hata kope hajapepesa.

Basi akanigeukia, akapangusa kidole kwenye suruali, na kwa ile sauti yake ya upole (nyie mnaijua, upole wa wembe) akaniambia: "Kijana, hii haina ugonjwa. Inaona haya tu."

INAONA HAYA.

Duka zima lilianguka. Mama mmoja aliyeleta printa alishika ukuta. Kuna kitoto kimetumwa waya wa chaja, miaka kumi hakijafika, nacho kikairudia: "Ati inaona haya!" Kisha nikatozwa shilingi 500 ya kuangalia. Kuangalia nini? Hiyo haya yenyewe?

Nimerudi nyumbani, nimeichomeka. Kiza kilekile. Sasa nawauliza, kwake iwake na kwangu igome, amenibadilishia nini huyu mtu? Inaona haya! Kwangu mie!

BintiMajengo

Nimecheka hadi mtoto ameamka. Pole kakangu. Lakini leso ilikuonya mapema.

AmiKibokoni

Kanzu ya mwaka juzi siku ya Idd? Hata mie ningeona haya kuwaka mbele yako.

FundiTaa_Bamburi

Tuache mzaha kidogo. Ukiiwasha, kuna taa ndogo nne kwenye mazabodi, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ipi inabaki imewaka?

MwanaKisauni

Hamna. Zinapita moja moja kisha zote zinazima. Lakini hoja si taa ndugu yangu. Hoja ni kauli aliyonitolea mbele za watu wazima na mtoto wa chaja.

FundiTaa_Bamburi

Zikizima zote mashine iko macho, wewe ndiye unayechungulia dirisha lisilo lake. Waya wa monita umeuchomeka wapi?

MwanaKisauni

Nyuma.

FundiTaa_Bamburi

Nyuma wapi? Juu, ubavuni mwa matundu ya USB, au chini kwenye kadi ya picha?

MwanaKisauni

Kwani kuna tofauti? HDMI ni HDMI. Tundu ni tundu.

BintiMajengo

Uwiiii

MzeeWaBao

Haya ndiyo hayo sasa.

MtaalamuMtwapa

Msimbabaishe kijana. Hiyo ni bayosi, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine. B450 ni bodi za 2018, Ryzen za 5000 zimeanza kutoka mwisho wa 2020. Bodi ya mtumba haiwezi kuijua hiyo prosesa. Aibadilishe bayosi leo leo.

FundiTaa_Bamburi

Ingekuwa bayosi, kule dukani ingewakaje? Na mtu asiguse bayosi bila sababu kwa stima yetu hii. Ikikatika katikati ya kazi, mazabodi unaweza kuizika.

MtaalamuMtwapa

Mie nimetoa maoni tu. Humu mtu akijua kitu anapigwa.

Mama_Printa2

Umesema stima? Huku kwetu Mishomoroni jana imekatika mara sita. Friji langu linaguna kama lina pumu. Nimemwita fundi wa friji, kaja na bisibisi moja na njaa, kala wali wangu wa nazi, kaligonga friji mgongoni akasema "sasa limesikia". Limesikia nini? Samaki wote wameoza.

BintiMajengo

Mama_Printa2, hilo jina lako... si wewe ulieshika ukuta?

Mama_Printa2

Mwanangu, niliwacha kucheka nikiwa nimefika kituo cha matatu. Lakini kwa Mungu nilimwonea huruma. Alikuwa ameikumbatia ile leso kama mtu aliyetoka kuzika.

MwanaKisauni

Kumbe ulikuwepo! Basi shuhudia, mama. Alisema au hakusema? Tena alisema mara mbili, mara ya pili aliwatazama nyinyi, hakunitazama mie. Ndiyo maana hata sikuona alikochomeka waya wake, nilikuwa nimeinamisha kichwa nasoma leso.

Mama_Printa2

Alisema. Na kabla hajasema alikitia kiazi mdomoni kizima, akatafuna taratibu, ndipo akasema. Hilo umelisahau.

MwanaKisauni

Sijalisahau. Nilikuwa sitaki kulikumbuka. Ametafuna kwanza!! Mtu ananitafutia maneno huku anatafuna!

AmiKibokoni

Mie wangu wa laptopu ni zaidi. Nilimpelekea imezima, akaifungua, akanionyesha kutu ya kijani pembeni mwa nyaya, akasema mashine imeliwa na chumvi ya bahari. Sawa, nikakubali, nyumba yetu bahari iko dirishani. Nikamuuliza dawa yake nini. Akasema, "Hamia Voi."

BintiMajengo

Hamia Voi 😭 mafundi wa mji huu wana kiburi cha kurithi.

MzeeWaBao

Nyinyi hamjamjua fundi cherehani wangu. Kanzu ya Idd nilimpa kitambaa mwezi mzima kabla. Siku ya Idd nimefika mlangoni kwake asubuhi, naye katoka kaivaa. Ati anaijaribu kama inakaa vizuri.

FundiTaa_Bamburi

MwanaKisauni, nisikilize kabla hawa hawajakumaliza. Hiyo prosesa yako ya 5600 haina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Ingekuwa 5600G, ungechomeka juu ukaona. Lile tundu la juu limewekwa kwa ajili ya hizo zenye G, kwako ni pambo. Jamaa amechomeka kwenye kadi, ndiyo maana kwake imewaka. Hakukubadilishia kitu. Shusha waya, kisha utuambie.

MwanaKisauni

Na kwa nini yeye asiniambie hivyo? Neno moja, "shusha waya". Kachagua kuniambia inaona haya.

AmiKibokoni

"Shusha waya" nani angekulipa 500?

SwalehWaMji

Samahani nimechelewa. Vile viazi anavyokula ni vya wapi?

Mama_Printa2

Vya yule dada wa chini ya ngazi. Ukwaju wake mzito, si ule wa maji maji.

SwalehWaMji

Yule siku hizi anatia unga wa dengu, nimeonja.

BintiMajengo

Dengu?! Ukitia dengu hiyo ni bajia. Kiazi karai ni unga wa ngano na rangi ya manjano, basi. Tusiharibiane mji.

MzeeWaBao

Mamangu alikuwa akitia kijiko kimoja cha dengu ndani ya ngano, kiganda kishike. Na hakuna aliyewahi kulalamika.

BintiMajengo

Babu, nakuheshimu, lakini mamako alikuwa anakaanga bajia.

MzeeWaBao

Rudia hilo neno uone.

MtaalamuMtwapa

Tatizo lenu ni mafuta. Mafuta yasipochemka sawasawa kiazi kinayanywa. Hilo nalo mtanipinga?

FundiTaa_Bamburi

Hapo umesema kweli kwa mara ya kwanza leo.

MwanaKisauni

Imewaka.

SwalehWaMji

Na pilipili je, ya embe au ya ndimu?

Mama_Printa2

Ya embe. Ya ndimu ni ya mihogo.

MwanaKisauni

Jamani nasema imewaka. Nimeshusha waya. Imewaka.

MzeeWaBao

La makaa au la gesi? Maana kwa gesi karai halishiki moto sawa.