Kukata uzi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: sindano au leza?

konea90
Wakuu, jicho lilifanyiwa upasuaji wa mkato mpana wa juu, likashonwa nyuzi 5 za nailoni 10-0 (nyembamba sana), kila mmoja na fundo lake. Ni wiki ya 8, jeraha limefunga vizuri. Keratomita (kifaa cha kupima mpindo wa konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho) inasoma 47.00 kwenye digrii 90 (wima) na 42.50 kwenye 180 (mlalo). Kipi bora: kukata kwa sindano na kuuacha uzi, kukata na kuutoa, au leza ya agoni? Na nikate mingapi kwa mara moja?

fundo_la_ndani
Tofauti ya dayopta 4.5 (kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga) inastahili uzi kukatwa. Ingekuwa chini ya 3, miwani ingetosha. Uzi uliobana huipinda konea zaidi upande wake, kwa hiyo hapo mhusika ni wa saa 12 (juu kabisa, ukilitazama jicho kama uso wa saa). Ukisoma 120 ni wa saa 11, 60 ni wa saa 1, macho yote mawili. Angalia tu usifuate mhimili wa miwani iliyoandikwa kwa silinda ya kutoa (yenye alama ya −): kwa jicho hilo utasoma 180, na huko hakuna uzi wowote!

Sindano ya geji 26 inatosha. Ganzi ya matone, povidoni ayodini 5% ikae dakika 2 au 3, mgonjwa atulize kichwa kwenye taa ya uchunguzi. Ingiza ncha chini ya uzi, makali yakitazama juu, kisha unyanyue. Ncha zikirudi ndani, ziache. Zikichomoza, toa uzi wote kwa kibano, maana zitakwaruza na kukaribisha vijidudu. Vuta kuelekea upande wenye fundo. Fundo lisipite kwenye jeraha. Antibiotiki mara 4 kwa siku, siku 5 hadi 7.

agoni_50
Leza ina nafasi yake pale uzi umefunikwa na konjunktiva (utando juu ya weupe wa jicho), kwa kuwa huchani utando. Doa mikromita 50, sekunde 0.1, anza karibu miliwati 300, kisha ongeza taratibu. Lakini inahitaji nailoni nyeusi. Isiyo na rangi hainyonyi mwanga. Penye damu juu ya uzi, utando ndio utakaoungua. Kwa uzi ulio wazi sioni faida: ncha zinabaki zimesimama, na utarudi kwenye kibano vilevile.

fundo_la_ndani
Kweli, hapo kwenye konjunktiva nakubali.

saa12
Swali la mingapi ndilo zito kuliko kifaa. Kata mmoja, pima tena baada ya wiki 2 hadi 4. Ukikata mitatu ya juu pamoja, jeraha hulegea na mpindo mkali unahamia 180, na uzi uliokatwa haurudishwi. Baada ya kukata, weka fluoresini (rangi inayong'aa) uone kama maji yanavuja. Kabla ya wiki 6 usiguse.

konea90
Na ungekuwa mshono mmoja unaoendelea, bila mafundo katikati?

saa12
Huo usikate kipande. Ukikatika popote, jeraha lote linalegea. Subiri miezi 3 hivi, kisha utolewe wote.